Mkazi ni nani? Sharti la makazi kwa anayetaka kugombea kijijini

Kila unapokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa, neno moja hurudi vijiweni, minadani na kwenye ofisi za vijiji hapa Ziba na kwingineko wilayani Igunga. Neno hilo ni mkazi. Utasikia mtu akisema, "Yule si mkazi, anaishi Nzega, hapa anakuja kulima tu." Mwingine atasema, "Yule mama kaolewa hapa juzi, agombee nini?" Maneno hayo mara nyingi huanza kama utani. Lakini wakati wa uteuzi ukifika, utani huo huo unaweza kuandikwa kwenye karatasi ya pingamizi na kumwondoa mtu kwenye orodha ya wagombea kabla hajapigiwa kura hata moja.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwisho ulifanyika Jumatano, Novemba 27, 2024. Siku hiyo Watanzania wa Bara walichagua viongozi wa vijiji zaidi ya 12,000, vitongoji zaidi ya 63,000, na mitaa ya mijini. Viongozi hao hukaa madarakani miaka mitano. Anayefikiria kugombea awamu ijayo ana muda wa kujiandaa, na sharti la makazi ni mojawapo ya yale yasiyotekelezeka wiki moja kabla ya kuchukua fomu.

Katika makala haya tunaeleza sharti hilo linasema nini, linatofautiana vipi kutoka ngazi moja hadi nyingine, nani anaamua kama mtu ni mkazi, na mwananchi afanye nini mapema ili asije akaambiwa si wa hapa wakati kila siku anaamka hapa.

Ngazi nne, masharti tofauti

Watu wengi hudhani sharti la makazi ni moja kwa viongozi wote wa kuchaguliwa. Sivyo. Ukianzia chini kwenda juu, sharti linalegea.

Kwenye kitongoji na kijiji ndiko linakobana zaidi. Anayetaka uenyekiti wa kitongoji anapaswa kuwa mkazi wa kitongoji hicho. Anayetaka uenyekiti wa kijiji, au ujumbe wa halmashauri ya kijiji, anapaswa kuwa mkazi wa kijiji hicho. Masharti mengine yanajulikana: awe raia wa Tanzania, awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na shughuli halali ya kumwingizia kipato, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyedhaminiwa na chama chake.

Kwa diwani, eneo linapanuka. Sheria inamtaka awe mkazi wa kawaida ndani ya eneo la halmashauri husika. Maana yake ni kwamba anayeishi Igunga mjini anaweza kugombea udiwani wa Kata ya Ziba, kwa sababu Igunga mjini na Ziba zote ziko ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Igunga. Lakini anayeishi Nzega hawezi, hata kama Nzega ni jirani na ana ng'ombe mia moja wanaochungwa Ziba.

Kwa mbunge, sharti hilo halipo kabisa. Ibara ya 67 ya Katiba inataja uraia, umri wa miaka 21, kusoma na kuandika, uanachama wa chama na udhamini wake, pamoja na mambo yanayomnyima mtu sifa. Haimuulizi mgombea anaishi wapi. Wasikilizaji wetu wa Igunga wanakumbuka uchaguzi mdogo wa Oktoba 2, 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge. Mgombea wa CCM aliyetangazwa mshindi, Dk. Dalaly Peter Kafumu, alikuwa ametoka kwenye wadhifa wa Kamishna wa Madini, kazi ya ngazi ya taifa. Kisheria hakukuwa na la kumuuliza kuhusu makazi.

Hapa pana jambo linaloshangaza wengi. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Kwa hiyo katika ukumbi mmoja anaweza kukaa diwani aliyelazimika kuwa mkazi wa wilaya, na pembeni yake mbunge ambaye sheria haikumlazimisha.

Kwa nini kijiji kibane zaidi?

Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Mbunge anatunga sheria za nchi nzima, lakini mwenyekiti wa kijiji anaamua mambo ya mlangoni.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikisha miaka 18. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Ndiko mapato na matumizi yanakosomwa kila baada ya miezi mitatu, pale utaratibu unapofuatwa. Mwenyekiti ndiye anayekaa mbele na kuulizwa fedha za zahanati zimefika wapi.

Halafu kuna ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Ikitokea ng'ombe wameingia kwenye mpunga saa tisa usiku, au mpaka wa shamba la pamba umesogezwa, au mwekezaji amekuja na karatasi zake, wananchi wanahitaji kiongozi wanayeweza kumgongea mlango. Mwenyekiti anayeishi mbali atasimuliwa mgogoro kwa simu na kuamua kwa kusikia upande uliowahi kupiga.

Tena, anayeishi kijijini anaonja maamuzi yake mwenyewe. Akikubali malisho yalimwe, hata ng'ombe wake watakosa pa kula. Akishindwa kusimamia kisima, ndoo za nyumbani kwake nazo zitakaa tupu. Hicho ndicho sheria inachokitafuta inaposema mkazi.

Mkazi na mzawa ni vitu viwili

Kosa kubwa tunalolisikia kwenye mazungumzo ya mitaani ni kuchanganya ukazi na uzawa. Sheria haimuulizi mgombea wa kijiji babu yake kazikwa wapi. Inamuuliza anaishi wapi.

Tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza ni kijana aliyezaliwa Ziba, akasoma hapa, kisha akahamia Dar es Salaam. Ana mke na watoto huko, na biashara yake iko huko. Nyumbani kwa mama yake huja Desemba. Kijana huyu ni mzawa wa Ziba na hakuna atakayemnyang'anya hilo. Lakini si mkazi wa Ziba. Akitaka uenyekiti wa kijiji, inabidi arudi kuishi.

Wa pili ni baba aliyekuja na mifugo yake kutoka upande wa Shinyanga. Alipokelewa na kijiji, akapewa eneo, akajenga, watoto wake wanasoma shule ya msingi ya hapa na yeye hulipa michango kama wengine. Lafudhi yake ya Kisukuma ni ya mbali kidogo na wengine bado humwita mgeni. Kisheria, baba huyu ni mkazi. Kama ametimiza masharti mengine, ana haki ya kugombea sawa na yule ambaye ukoo wake umekaa hapa tangu enzi za watemi.

Wa tatu ni mama aliyeolewa hapa. Kwao ni Uyui, lakini kaya yake iko Ziba. Mara nyingi akina mama ndio wanaohama kwa ajili ya ndoa, hivyo ndio wanaoumizwa zaidi na hoja ya "wewe umekuja tu". Hoja hiyo haimo kwenye sheria. Mama huyo ni mkazi wa kijiji anachoishi. Hata mume akifariki, yeye ataendelea kuwa mkazi maadamu anaendelea kuishi hapo. Katika halmashauri ya kijiji zipo nafasi zilizotengwa kwa wanawake, lakini anaweza pia kugombea uenyekiti wenyewe.

Kumiliki shamba nako ni jambo jingine. Mfanyabiashara wa mjini mwenye ekari 50 za mpunga kijijini ana mali kijijini. Kama hulala kwake mjini na kuja shambani wakati wa kupanda na kuvuna tu, mali hiyo haimfanyi mkazi.

"Kwa kawaida" maana yake nini?

Ugumu uko hapa. Sheria zetu zinaposema mkazi wa kawaida, hazitaji miezi. Hazisemi awe amekaa miezi sita, mwaka au miaka mitatu. Zinasema mahali anapoishi kwa kawaida, na kuwaachia watu kupima.

Kipimo hicho kina mantiki kwa eneo kama letu, ambako kutembea ni sehemu ya maisha. Katika karne ya 19, wakati wa misafara, maelfu ya wanaume wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani ya Bagamoyo na kurudi na nguo na bidhaa nyingine. Wengi waliondoka kiangazi kilipoanza na kujitahidi kurudi mvua za kupanda zikikaribia. Walikaa njiani miezi mingi, na hakuna aliyesema wamehama. Kaya zao zilikuwa zinawangoja.

Leo misafara imekwisha lakini mwendo haujaisha. Kuna vijana wanaokwenda machimboni Geita au Nzega kwa msimu. Kuna wafugaji wanaosogeza ng'ombe mbali malisho yanapokauka. Kuna wanaolima tumbaku Kaliua na Urambo huku familia ikiwa huku. Kuna wafanyabiashara wa minada ambao kwa wiki hulala nyumbani siku mbili tu. Kama sheria ingehesabu usiku aliolala mtu kitandani kwake, wengi wa hawa wangekuwa hawana kijiji popote.

Inafaa kutofautisha na sensa. Sensa ya Agosti 2022 ilimuuliza kila mtu amelala wapi usiku wa kuamkia Agosti 23. Aliyelala gesti Singida alihesabiwa Singida. Uchaguzi unauliza swali jingine: ukimaliza safari zako, unarudi wapi? Kaya yako iko wapi? Nani anakujua kama jirani?

Kwa hiyo kijana wa machimboni ambaye mke, watoto, nyumba na shamba lake viko Ziba, na ambaye kila msimu hurudi, ana hoja nzuri ya kusema yeye ni mkazi. Lakini akiwa amejenga huko, ameanzisha kaya huko, na huku amebakiza kiwanja tu, hoja yake imedhoofika sana.

Na mwenye wake wawili, mmoja Ziba na mwingine Simbo? Anaweza kuwa na nyumba mbili zenye uhai. Hapo ndipo panapohitaji ukweli. Ni wapi anakohudhuria mikutano ya kijiji, anakochangia maendeleo, anakojiandikisha kupiga kura? Atakayechagua kijiji kimoja na kukishikilia kwa miaka atajieleza vizuri. Anayekuwa mkazi wa huku mwaka huu na wa kule mwaka ujao, kutegemea nafasi ilipo wazi, ndiye ambaye sharti hili liliwekwa kumzuia.

Wengine wanapima vipi?

Zanzibar walichagua kuhesabu. Sheria ya uchaguzi ya huko imemtaka anayejiandikisha kupiga kura awe ameishi jimboni kwa miezi 36 mfululizo, isipokuwa makundi machache yaliyotajwa. Faida yake ni kwamba idadi inajulikana. Hasara yake ni kwamba anayehama kwa sababu za kweli anaweza kujikuta hana pa kupigia kura kwa muda, na sheha, anayewatambua wakazi wa shehia yake, amekuwa katikati ya malalamiko ya vyama kwa miaka mingi. Kumbe hata miezi ikitajwa, bado anabaki mtu mmoja wa kuulizwa: huyu kakaa kweli?

Uganda, Katiba ya mwaka 1995 inamtaka mwenyekiti wa wilaya awe mtu anayeishi kwa kawaida katika wilaya hiyo. Ni maneno yanayofanana na yetu, yenye ugumu ule ule.

Uingereza wameweka milango kadhaa. Anayetaka udiwani katika halmashauri za England anaweza kuingia kwa kuwa mpiga kura aliyeandikishwa katika eneo hilo. Au awe ameishi humo kwa miezi 12 iliyopita, au sehemu yake kuu ya kazi iwe humo kwa miezi 12, au awe amemiliki au kupanga jengo au ardhi humo kwa muda huo. Mlango mmoja unatosha. Kwa kipimo hicho, yule mfanyabiashara mwenye ekari 50 angeweza kugombea. Kwa kipimo chetu hawezi.

Mfano uliovuma zaidi ni wa mji wa Chicago, Marekani. Sheria ya jimbo la Illinois inamtaka mgombea awe ameishi mjini humo mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Rahm Emanuel, mwenyeji wa Chicago, alikuwa amekwenda Washington mwaka 2009 kuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu chini ya Rais Barack Obama, na nyumba yake ya Chicago akaipangisha. Alipojiuzulu Oktoba 2010 ili kugombea umeya, wapinzani walisema si mkazi. Januari 24, 2011 majaji wa rufani, wawili dhidi ya mmoja, walikubali na kumwondoa. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya juu ya jimbo hilo ilimrudisha.

Hoja ya majaji waliomrudisha inafaa kusikika hata Ziba. Walisema mtu akishakuwa mkazi wa mahali, hapotezi ukazi kwa kuondoka kwa kazi. Anaupoteza akipaacha. Emanuel alikuwa bado anamiliki nyumba, analipa kodi yake, amepiga kura akiwa mbali, na ameacha vitu vya familia kwenye chumba cha chini cha nyumba hiyo, pamoja na gauni la harusi la mkewe. Alishinda uchaguzi Februari 22, 2011.

Uamuzi huo hauwabani majaji wa Tanzania. Lakini mambo yaliyopimwa ni yale yale ambayo mzee wa kijiji chetu angeyapima: umeacha nini nyumbani, na unarudi?

Nani anaamua hapa kwetu?

Katika uchaguzi wa vijiji na vitongoji, unaosimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, anayeteua wagombea ni msimamizi msaidizi wa uchaguzi, ambaye ni mtumishi wa umma. Yeye ndiye hupokea fomu na kusema mgombea ana sifa au hana. Mgombea anaweza kuwekewa pingamizi na mwenzake. Asiporidhika na uamuzi, hukata rufani kwenye kamati ya rufani ya wilaya. Baada ya uchaguzi, mlango uliobaki ni mahakama. Kwa udiwani, unaosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, rufani ya uteuzi huenda kwenye Tume.

Muda wa hatua hizi ni mfupi sana, siku chache tu. Mwaka 2024 fomu zilichukuliwa na kurudishwa kati ya Novemba 1 na 7, uteuzi ukafanyika Novemba 8, na kampeni zilianza Novemba 20. Katika siku hizo mgombea aliyeambiwa si mkazi alipaswa kupata sababu kwa maandishi, kukusanya ushahidi, na kufika anakotakiwa. Kwa anayeishi kitongoji cha ndani na mvua zimeanza, siku mbili ni chache.

Ndiyo maana suala hili si dogo. Novemba 2019, CHADEMA na ACT-Wazalendo vilitangaza kujitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, vikisema wagombea wao wengi wameenguliwa isivyo haki. Upande wa serikali ulieleza kwamba kasoro zilikuwa kwenye ujazaji wa fomu na sifa za wagombea. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalisikika tena, na waziri wa TAMISEMI wakati huo, Mohamed Mchengerwa, aliongeza muda wa kushughulikia rufani.

Hatutoi hukumu hapa kuhusu nani alikuwa sahihi katika kijiji gani. Tunachosema ni kwamba sharti lisilo na namba linampa mamlaka makubwa yule anayelitafsiri. Akiwa mwadilifu na anawafahamu wakazi, linafanya kazi vizuri kuliko kuhesabu miezi. Akiwa na upendeleo, au akiwa mgeni asiyemjua mtu, maneno mawili "si mkazi" yanatosha kuwanyima wanakijiji mia tano mtu waliyetaka kumchagua. Na anayeumia si mgombea peke yake. Wapiga kura wanafika kituoni na kukuta jina moja.

Ushahidi unaanza kukusanywa leo

Kwa kuwa hakuna idadi ya miezi, kinachomlinda mkazi wa kweli ni kumbukumbu. Tunashauri mambo yafuatayo, na hayagharimu kitu kikubwa.

Kwanza, hakikisha uko kwenye rejista ya wakazi anayoitunza mtendaji wa kijiji. Ukihamia kijijini, ripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji. Ukihama, aga. Watu wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili, na matokeo yake wanabaki na vijiji viwili kwenye karatasi.

Pili, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji na uandikishe jina kwenye mahudhurio. Mkutano ule ni wa wakazi. Jina lako likiwa kwenye kurasa za miaka minne mfululizo, atakayesema hukai hapa atakuwa na kazi.

Tatu, tunza stakabadhi. Za michango ya shule na zahanati, za chama cha msingi cha ushirika ulikouzia pamba au choroko, za ushuru. Kama una hati ya hakimiliki ya kimila, iweke pamoja nazo. Moja peke yake haithibitishi kwamba unaishi hapo, lakini zikikusanyika zinasimulia maisha.

Nne, ijue anwani yako ya makazi. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina. Andika anwani hiyo hiyo kila mahali.

Tano, jiandikishe panapostahili, na usichanganye madaftari. Hili liliwachanganya wengi mwaka 2024. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume, linalotumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Na kuna orodha ya wapiga kura ya serikali za mitaa, iliyoandikwa upya kitongoji kwa kitongoji kuanzia Oktoba 11 hadi 20, 2024. Kadi ya Tume haikumweka mtu kwenye orodha ya kitongoji. Na mgombea aliyejiandikisha kitongoji kingine kwa sababu siku hiyo alikuwa kwa shemeji yake amempa mpinzani wake pingamizi bila jasho.

Sita, sema kweli kwenye fomu. Kama ulihamia miaka miwili iliyopita, andika hivyo. Sheria haijasema miaka miwili haitoshi. Uongo kwenye fomu ndio utakaokuponza.

Na ukienguliwa kwa kuambiwa si mkazi, omba sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Nenda na majirani wawili au watatu wanaokaa nawe, wa vyama tofauti kama inawezekana, na kumbukumbu ulizotunza. Kata rufani ndani ya muda. Rufani iliyochelewa haisomwi, hata iwe na haki.

Kwa wapiga kura

Sharti la makazi limewekwa kwa ajili yenu. Lina maana pale tu mnapolisimamia kwa haki, bila kutazama chama wala ukoo.

Ikiwa mtu anakuja na gari kutoka mjini miezi mitatu kabla ya uchaguzi, anapanga chumba, ananunua madaftari ya wanafunzi na kuanza kujiita mwana Ziba, mna haki ya kumuuliza atakuwa wapi mwezi wa pili njaa ikipiga hodi. Mkishasikia jibu, ulizeni pia swali hilo hilo kwa yule mnayempenda.

Na ikiwa jirani yenu wa miaka mingi anaitwa mgeni kwa sababu tu hakuzaliwa hapa, msikae kimya mkingoja kamati ya rufani. Mtendaji wa kijiji anaweza kuhamishwa kesho, na msimamizi msaidizi huenda hajawahi kulala kijijini kwenu. Wanaojua nani anaishi Ziba ni wanaoishi Ziba. Mkiitwa kuthibitisha, nendeni mkaseme mnachokijua.